Tunapopima tusiharakishwe, na ndugu wafundishwe kabla ya ruhusa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wagonjwa, ndugu wanaowauguza na wakuu wa hospitali zetu za nyanda za juu kusini. Mimi ni mwanafunzi wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi na mikono, mzaliwa wa Tukuyu, na nimemaliza mwaka wa kwanza. Likizo hii karibu kila ninayekutana naye, iwe stendi au kanisani, ananiuliza nimejifunza kutumia mashine gani. Nikijibu kwamba nimejifunza kupima goti, kumgeuza mgonjwa kitandani na kumsimamisha kutoka kwenye kiti, naambiwa: "Kumbe ni kukanda tu?"

Kukanda si jambo la aibu. Chama cha wenzetu wa Uingereza kilianzishwa mwaka 1894 na wauguzi wanne waliotaka kazi ya kukanda ifanywe na watu walioisomea na wanaoaminika. Ila swali hilo linanihuzunisha kwa sababu linaingia hadi wodini. Nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo nilimsikia mama mmoja akimlalamikia muuguzi kwamba siku ile hakutibiwa: "Yule binti kanipima tu, kisha akaondoka."

Basi nieleze kupima kwenyewe. Kifaa chetu cha kwanza ni goniomita, vipande viwili vya plastiki vilivyoshikizwa pamoja ili vifunguke na kuonesha pembe ya kiungo. Kwa goti, kitovu chake kikae juu ya mfupa wa upande wa nje wa goti, kipande kimoja kielekee mfupa uliotokeza ubavuni mwa nyonga, cha pili kielekee kifundo cha mguu kwa nje. Mifupa hiyo huioni kwa macho, unaitafuta kwa vidole. Kwa mtu mwembamba unaipata mara moja, kwa mnene unaitafuta hasa. Ndiyo sababu darasani tunavaa kaptula na fulana tukapimana sisi kwa sisi, mpaka vidole vizoee miili ya kila aina. Na kama leo goti limesoma nyuzi 85 na wiki ijayo likasoma 88, huna haki ya kumwambia mgonjwa kwamba amepata nafuu, maana tofauti isiyofika nyuzi 5 inaweza kuwa ni mkono wako tu uliosogea. Mwanafunzi anayeharakishwa atampa mgonjwa habari njema isiyo ya kweli.

Namba hizo zina kazi nyumbani. Chukua kijana aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda. Hogo limetolewa, anafanya mazoezi, goti linapinda mpaka nyuzi 90. Anakaa kwenye kiti vizuri kabisa, wodi nzima inampongeza. Lakini choo cha kuchuchumaa kinadai goti lipinde zaidi ya nyuzi 120, na huku kwetu, kuanzia Rungwe hadi Ileje na Makete, nyumba nyingi zina choo hicho. Akiruhusiwa bila mtu kumuuliza choo chake kikoje, atafika nyumbani akose pa kujisaidia kwa heshima, na kila siku atahitaji mtu wa kumshika. Tulifundishwa kuuliza choo, kitanda, ngazi na njia ya kwenda kisimani kabla ya kushika goniomita. Mgonjwa anaona tunapiga soga, kumbe matibabu yameshaanza.

Jambo ninalotaka kulisemea zaidi ni kugusa. Kabla ya kumshika mtu tunamsalimu, tunamweleza tunataka kufanya nini, tunaomba ruhusa, kisha tunafunua sehemu ile tu tunayoihitaji na kumfunika kwingine kwa shuka au kanga. Mwezi wa Julai, Mbeya ikiwa na baridi yake, tunasugua viganja kwanza, kwa sababu mkono wa baridi unaukaza msuli na kipimo kinaharibika. Hayo yote yamo kwenye mtihani wetu wa vitendo na yana alama zake. Lakini ruhusa ya mgonjwa peke yake haitoshi, na hili nililiona wodini.

Alikuwepo mzee wa Kinyakyusa aliyepata kiharusi, upande wa kulia umelegea. Aliyekuwa akimuuguza ni mkamwana wake. Mkufunzi wetu akamwelekeza namna ya kumgeuza baba kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia, na namna ya kumketisha. Dada yule aliitikia "sawa" kwa kila neno, macho yakiwa sakafuni, mikono imefungwa kwenye kanga. Mimi nilijua kinachoendelea, maana nimekulia katika desturi hiyo. Kwetu mkamwana na baba mkwe huepukana. Zamani hata kupishana njiani ilikuwa shida, na ingawa siku hizi mijini mambo yamelegea, kwa wazee wa umri ule bado ni jambo zito. Mafundisho yale yangeishia palepale wodini. Nikamnong'oneza mkufunzi, naye, namshukuru sana, hakunikaripia. Alimwita dada pembeni akamuuliza ni nani nyumbani anayeweza kumwogesha mzee. Akatajwa mjukuu anayeendesha bodaboda Kyela. Alipigiwa simu, akapanda, akafundishwa kila kitu kwa mikono yake, huku mkamwana akikabidhiwa mambo ambayo desturi inamruhusu: kuhesabu saa za kumgeuza, chakula, na kuhakikisha mkono uliolegea umewekwa juu ya mto usining'inie. Mzee mwenyewe alionekana kupumua upya. Sijui kama ipo mashine ingefanya kazi ile.

Kuhusu kiharusi, naomba sana ndugu wasomaji: msimwinue mgonjwa kwa kumvuta mkono uliolegea wala kwa kumbeba makwapani. Misuli inayoshikilia bega haina nguvu, bega linashuka kutoka mahali pake na maumivu yake hudumu. Mketishe kwanza ukingoni mwa kitanda, atulie, umuulize kama anahisi kizunguzungu. Miguu irudi nyuma kidogo chini ya magoti, ainamie mbele mpaka pua ifike usawa wa vidole vya miguu, ndipo asimame. Wewe simama upande ulio dhaifu ukizuia goti lake lisikunjike. Ni mambo ya muhula wa kwanza haya, na mjukuu wa Kyela aliyamudu vizuri kuliko baadhi yetu.

Magongo nayo. Huku mengi huazimwa kwa jirani, kwa hiyo yalikatwa kwa urefu wa mtu mwingine. Juu ya gongo ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na kishikio kiwe usawa wa kifundo cha mkono, pale mkono unapoungana na kiganja ukiwa umening'inia. Uzito ubebwe na viganja. Anayejilaza juu ya magongo kwa makwapa anaweza kubana neva hadi kiganja kikalegea. Mwenye mkongojo mmoja aushike upande wa mguu mzima, ingawa wengi huushika upande unaouma. Kupanda, mguu mzima utangulie. Kushuka, magongo na mguu mgonjwa vitangulie. Tatizo ni kwamba wodini tunafanyia mazoezi juu ya vigae. Tukuyu mvua hainyeshi kidogo, njia ni udongo mtelezi na kila nyumba ina kilima chake. Ninaziomba hospitali za mikoa yetu zitenge kipande cha mteremko wa nyasi na udongo nje ya jengo, chenye mti wa kushikilia pembeni, mgonjwa apande na kushuka hapo kabla hajapanda basi la kurudi kwao. Gharama yake ni jembe na siku moja ya kazi.

Kwa vyuo, ombi langu ni kwamba saa za vitendo zisipunguzwe kila ratiba inapobana. Nadharia naweza kuisoma usiku chini ya taa. Bega la mtu siwezi kulijifunza kwa kulisoma.

Tarehe 8 Septemba ni siku ya fiziotherapia duniani, ikikumbusha kuanzishwa kwa shirikisho la dunia la fani hii mwaka 1951. Napendekeza hospitali ziitumie siku hiyo kuwakusanya ndugu wanaouguza na kuwafundisha kugeuza, kuketisha na kusimamisha, sisi wanafunzi tukiwa wasaidizi. Na wewe mwenye mgonjwa usisubiri Septemba. Siku ya ruhusa, kabla hujachukua makaratasi, mwombe mhudumu wa mazoezi akuoneshe namna ya kumsimamisha mgonjwa wako, kisha umfanyie wewe mbele yake, naye akusahihishe mpaka nyote wawili mridhike.

Mwanafunzi wa fiziotherapia,
Tukuyu, Rungwe