Usimwachie taniboi kufunga pikipiki yako

Malaba, Jumapili jioni

Ndugu yangu,

Salamu nyingi sana, na mama watoto anakusalimia pia. Ujumbe wako niliupata jana usiku, eti ile pikipiki ya Boxer ya Kampala umeshailipa na wiki ijayo unaipakia kwenye lori iende nawe Arua. Nimefurahi mno, najua hiyo pesa umeitafuta namna gani. Lakini pale uliposema "wale vijana wa lori wataifunga wenyewe" usingizi ukaniruka, ndo maana nakuandikia barua ndefu badala ya kukujibu maneno mawili.

Ile pikipiki yangu ya kwanza sikuwahi kukusimulia vizuri ilivyoumia. Niliinunua Kampala, nikaipakia kwenye lori la Fuso lililokuwa linakuja huku na magodoro. Taniboi, yule utingo wa lori, akaisimamisha kwa stendi ya pembeni, akapitisha kamba moja ya manila kwenye usukani, akafunga huku na huku, akaongezea vipande vya mpira wa tyubu kama vile tunavyofungia matoke, akanipiga begani akasema mzee hii haiendi popote. Mi nikaamini nikapanda basi zangu. We unaijua hiyo barabara, Mukono, Lugazi, Iganga, Bugiri, kila senta ya biashara ina matuta, na dereva wa mzigo akichelewa hapunguzi mwendo. Kufika Malaba tunafungua turubai naikuta imelala ubavu wa kulia, levo ya breki imekatika, taa ya mbele imepasuka, tanki limebonyea na petroli imevuja mpaka kwenye magodoro ya watu, mwenye mzigo naye anataka nimlipe. Pikipiki mpya machoni pangu ambayo sikuwa nimeipanda hata siku moja! Niliumia kweli.

Fundi wangu ndo alinikalisha chini akanieleza kosa lilikuwa wapi. Kwanza ule mpira wa tyubu, mpira kazi yake ni kuvutika, lori likiruka na pikipiki inaruka nayo, mpira unavutika alafu unairudisha kwa nguvu, sasa hapo umefunga nini. Kwa mkungu wa matoke sawa, kwa chuma cha kilo zaidi ya 100 hapana. Pili, usukani unageuka, kwa hiyo kamba iliyofungwa kwenye ncha zake inalegea upande mmoja kila ukigeuka. Tatu, ile stendi ya pembeni. Ukiikaza pikipiki kwa kamba huku imeegemea stendi, nguvu yote inaenda kwenye kile kipande kidogo kilichochomelewa kwenye fremu, kinapinda au kinakatika.

Sasa we fanya hivi. Nunua mikanda ya kukazia mizigo, ile ya racheti, minne, usikodi wala usiazime. Gurudumu la mbele lisukume mpaka liguse ukuta wa mbele wa lori, kama kuna tairi la zamani lilaze pale chini gurudumu likae kwenye tundu lake, hapo haliendi kushoto wala kulia. Mikanda miwili ya mbele ifunge kwenye ile shingo ya chuma inayoshika shokabu mbili, chini ya usukani, ivute kwenda chini na mbele, mmoja kila upande na kwa nguvu sawa. Kaza mpaka shokabu za mbele zibonyee kama nusu hivi. Hii nusu ndo siri yenyewe ndugu yangu, maana shokabu iliyobonyea inasukuma juu muda wote na mkanda unabaki umekaza hata lori likiingia shimo, ila ukiikandamiza mpaka mwisho unaziumiza sili za oili na hakuna pa kupumulia tena. Miwili ya nyuma funga kwenye fremu, sio kwenye keria wala kwenye taa za kona, hiyo inazuia tu nyuma isiteleze. Stendi zote juu, pikipiki isimame kwa matairi yake, gia ya kwanza iwe ndani, na koki ya petroli ifungwe. Mkanda ukigusa tanki au rangi weka kitambaa, mtikisiko wa kilomita zaidi ya 450 unakwangua rangi kama msasa.

Wakikwambia hakuna nafasi tuilaze juu ya magunia, kataa, subiri lori lingine. Ikilala petroli inatoka kwenye kifuniko cha tanki na kwenye kabureta, asidi ya betri inaweza kumwagika na oili ya injini inapanda hadi kwenye chujio la hewa. Na ikitokea imeangukia ubavu bila wewe kupenda, usipige kiki hapohapo, isimamishe, iache itulie, toa plagi kwanza alafu piga kiki polepole mara kadhaa ili kama kuna oili iliyoingia silinda itoke.

Jambo lingine, mikanda inalegea. Baada ya nusu saa ya safari mwombe dereva asimame ukague, alafu tena Karuma, alafu Pakwach mkishavuka daraja la Nile. Mpe soda, hatakataa. Mi nakushauri ukae kwenye kabini ya hilohilo lori, usifanye kama mimi niliyekimbilia basi.

Ukishafika nyumbani kazi haijaisha maana pikipiki nyingi huangukia pale pale uani. Udongo wa msimu wa mvua unameza stendi taratibu, unaiacha saa nane iko wima, saa kumi iko chini. Tafuta kibao bapa ukitoboe, ukifunge kamba, kiwe kinakaa kwenye usukani na kila ukiegesha unakiweka chini ya stendi. Kwenye mteremko elekeza pua juu na uache gia ndani. Na ukiwa pembeni ya barabara iliyoinama upande wa kulia stendi, kwa kuwa iko kushoto, haikusaidii, pikipiki inasimama wima mno, mtoto akiigusa au upepo wa kabla ya mvua ukipiga inaenda upande wa pili.

Na steji pale, mnaposubiria abiria, acheni nafasi ya mkono mmoja kati ya pikipiki na pikipiki. Sisi huku mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako jina la boda boda lilianza tangu enzi za baiskeli, bado tunazibananisha kama dagaa, nimeona kwa macho yangu pikapu ikirudi nyuma ikagusa ya mwanzo tu na sita zikalala. Dereva hakuziona. Tangu siku hiyo, ya kwangu naiweka nyuma ya nguzo au kwenye ukuta, kamwe siiweki nyuma ya gari lenye mtu ndani.

Kabla lori halijaondoka nipigie picha ya mikanda pande zote mbili unitumie, hata iwe saa kumi za usiku, simu sitaizima.

Ni mimi ndugu yako wa Malaba