YAH: Malalamiko kuhusu para-nitrofenili palmitati iliyofika ikiwa ya njano

Kwa Meneja wa Ubora,

Chupa ya gramu 5 mliyotuletea, ya kemikali hii tunayopimia lipasi (kimeng'enya kinachovunja mafuta), niliifungua Jumatatu asubuhi. Unga ulipaswa kuwa mweupe, lakini huu ulikuwa na mabonge ya njano yaliyoganda chini ya chupa. Niliuyeyusha kwenye isopropanoli, nikachanganya na bafa (kimiminika kinachoshikilia pH) ya pH 8 yenye Triton X-100, aina ya sabuni, na gamu ya akasia. Kabla sijatia hata tone la lipasi, mchanganyiko ulishakuwa wa njano. Kwenye mwanga wa nanomita 410 mashine inayopima ukali wa rangi ya njano ilisoma 0.62. Chupa yetu ya zamani, kwa utaratibu uleule, haikuvuka 0.05.

Mtaalamu wenu aliniambia kwa simu kwamba esta, kundi la kemikali kama hii, hujivunja zenyewe kwenye alkali. Ni kweli, ila si hapa. Niliiangalia blanki ile (mchanganyiko usio na lipasi) kwa nusu saa na usomaji ukafika 0.63 tu. Nikadondoshea asidi, njano ikafifia. Hiyo ndiyo tabia ya para-nitrofenoli, sehemu ya njano inayoachiwa esta hii inapovunjika, ambayo rangi yake hupotea pH inaposhuka chini ya 7. Kwa hiyo esta ilivunjika ndani ya chupa yenu, kabla ya kunifikia.

Mtaalamu huyo alinishauri niiondoe tu thamani ya blanki kwenye usomaji wa sampuli. Sampuli zetu dhaifu hupandisha usomaji kwa 0.03, zitaonekanaje juu ya 0.62? Tena, kila para-nitrofenoli iliyoachiwa imebakiza asidi ya palmitiki, ambayo ni zao la mmenyuko huohuo ninaoupima. Hiyo haiondolewi kwa kutoa hesabu. Mwanafunzi wangu amepoteza wiki 3 akidhani kosa ni lake, na hilo limeniuma kuliko fedha.

Karatasi yenu ya maelekezo nayo inasema "yeyusha kwenye kiyeyusho chochote cha kikaboni". Kiyeyusho chochote? Isopropanoli yenyewe ikizidi hudhoofisha vimeng'enya vingi. Sisi huweka sehemu 1 kwa 9 za bafa. Andikeni kiyeyusho gani na kwa uwiano gani.

Naomba chupa mbadala ya bechi nyingine, pamoja na cheti cha uchambuzi kinachotaja kiasi cha para-nitrofenoli huru. Wateja wengine waliouziwa bechi hii waarifiwe wiki hii. Chupa yenu nimeifunga na kuihifadhi kwenye jokofu, mkitaka kuipima wenyewe.

Wako,
Msimamizi wa maabara