Asante, kijana wa steshenari

Kijana uliyenikuta steshenari Jumamosi ile, laptopu mapajani na jasho usoni, jina lako sikuliuliza. Nisamehe, mdogo wangu.

Windows nimeitumia tangu ile XP. Msaada wa Windows 10 ulipokoma Oktoba 14, 2025, mashine yangu kongwe haikuweza kupokea 11, nikaweka Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kwa ubishi tu. Siku ya tatu bado natafuta diski C ya Windows, ambayo Linux haina, kama mtu aliyepoteza ufunguo. Kwenye lile dirisha jeusi la amri naandika nenosiri, hata kinyota kimoja hakitokei; nikajua kibodi imekufa. Ukacheka (ulicheka sana, usikatae), ukasema, "Andika tu kaka, halafu gonga Enter. Inakusikia." Kweli, ikakubali.

Ukanionyesha pia kwamba barua zangu zilikuwa zinahifadhiwa kwa aina ya faili iitwayo odt, ndiyo maana nilikozituma zilifunguka zimevurugika; nichague docx, ile ya Word. Na kubandika kwenye lile dirisha ni Ctrl, Shift na V.

Hela ya soda ukaikataa. Juzi nimepita pale na chapati mbili za moto, sikukukuta. Nimezila mwenyewe, lakini deni lako lipo.