Bepari wa kweli hatumi serikali kumnunulia uchaguzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika katika ukurasa huu wiki mbili zilizopita kwamba mataifa makubwa yanapoingilia uchaguzi wa nchi nyingine, huo ndio ubepari wenyewe ukiwa kazini. Barua yake niliikata kwa mkasi wa vitambaa nikaiweka kwenye droo ya pesa. Kila nikitoa chenji naiona, na kila nikiiona naumia.

Mimi ni bepari. Nina miaka 64 na nauza khanga na vitenge hapa Mwanza tangu 1989. Shuleni tulifundishwa kwamba ujamaa ni utu na ubepari ni unyama, na mwalimu alipita kati ya madawati kuangalia nani haitikii. Leo nina duka, nina wasichana wawili ninaowalipa mshahara kila mwezi, na naamini kwa moyo wangu wote kwamba mtu akiachwa anunue na auze kwa hiari yake, ataishi vizuri kuliko akipangiwa. Kwa hiyo sikuja kuusema vibaya ubepari, ila kuna watu walitenda mambo kwa jina lake, na mambo hayo siwezi kuyatetea.

Mfano wangu ni Chile, nchi ya Amerika Kusini. Septemba 1973 nilikuwa na miaka 12, tukikaa Tabora ambako baba alikuwa mfanyakazi wa reli. Jioni moja alizima redio, akakaa kimya mpaka ugali ukapoa. Rais wa huko, mjamaa Salvador Allende, alikuwa amefia ikulu, baada ya ndege za jeshi la nchi yake kuipiga mabomu. Nilipokuwa mtu mzima nikatafuta kujua kilichotangulia, na mengi yamo katika ripoti ya kamati ya Seneti ya Marekani yenyewe, ile iliyoongozwa na Seneta Frank Church mwaka 1975.

Mwaka 1964 shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilitumia zaidi ya dola milioni 2.6 kumsaidia mgombea urais Eduardo Frei amshinde Allende. Zaidi ya nusu ya gharama za kampeni ya Frei zilitoka huko, na ripoti inasema mwenyewe hakuambiwa. Jambo hilo nitalirudia.

Mwaka 1970 Allende akagombea tena. Kampuni ya Marekani iitwayo ITT ilikuwa na asilimia 70 ya hisa za kampuni ya simu ya Chile, na iliogopa kutaifishwa. Mkuu wake, Harold Geneen, akaiambia CIA kwamba ana dola milioni moja za kumzuia Allende. Na katika bodi ya ITT alikuwemo John McCone, aliyewahi kuiongoza CIA hiyohiyo. CIA haikuzipokea fedha hizo, lakini maofisa wake waliionyesha kampuni njia ya kuzipitisha zake. ITT ikampelekea mgombea wa upande wa kulia dola zisizopungua 350,000, na kampuni nyingine za Marekani zikaongeza kiasi kama hicho.

Upande wa pili haukukaa mikono mitupu. Ripoti hiyohiyo inataja makadirio kwamba Cuba ilimpa Allende dola 350,000, na Wasovieti wakaongeza zao. Msomaji mwenzangu hilo hakuligusa. Mtafiti Dov Levin amehesabu chaguzi 117 zilizoingiliwa na Washington au Moscow kati ya 1946 na 2000, na katika hizo 36 ni za Moscow. Kama ubepari ndio unaozaa tabia hii, Moscow iliipata wapi?

Allende alishinda kwa takriban asilimia 36. Tarehe 15 Septemba 1970 Rais Nixon wa Marekani akamwagiza mkuu wa CIA, Richard Helms, azuie asiapishwe. Katika karatasi ambayo Helms aliandika kwa mkono siku hiyo kuna dola milioni 10, na kuna agizo la kuubana uchumi wa Chile mpaka upige kelele. Kelele hizo zingepigwa na nani kama si mama wa Santiago mwenye genge la nyanya? Mwezi uliofuata Jenerali René Schneider, mkuu wa jeshi aliyeshikilia kwamba jeshi halina kazi katika siasa, alipigwa risasi na watu waliotaka kumteka. Akafa Oktoba 25.

Sasa nauliza kama mfanyabiashara: biashara iko wapi hapo? Mteja wangu akiingia dukani, pesa ni yake na macho ni yake. Anaweza kushika kitenge changu, akanisumbua nusu saa nikunjue marobota matatu, kisha akaenda kununua kwa jirani. Inaniuma, lakini ndiyo haki yake, na kwa kuwa anayo haki hiyo ndiyo maana siku akininunulia mimi nafurahi. Kura ya mtu wa Chile ni yake vilevile. Anayempelekea jasusi ili achague "vizuri" anafanya alichofanya afisa mipango aliyewapangia mama zetu foleni ya sukari, yaani anaamini anajua haja ya mwenzake kuliko mwenyewe.

Tena alilipa nani? Dola milioni 2.6 za mwaka 1964 zilikuwa kodi ya seremala na muuguzi wa Marekani ambao hawakuulizwa. ITT ilipochukuliwa kampuni yake ya simu mwaka 1971, iliidai fidia ya zaidi ya dola milioni 90 taasisi ya bima ya serikali ya Marekani. Faida ni ya wenye hisa, hasara abebe mlipa kodi! Mimi duka likiungua hakuna wizara itakayonilipia.

Najua nitaulizwa, je, mgodi wako ukichukuliwa bila fidia ya haki ukae kimya? Hapana. Allende alipotaifisha migodi ya shaba ya Wamarekani, alikosea pale alipokata kwenye fidia kile alichokiita faida iliyozidi, na nasema hivyo wazi. Lakini kampuni ya shaba ya Kennecott mwaka 1972 ilikwenda mahakamani Ufaransa kudai malipo ya shaba iliyokuwa ikipelekwa huko kutoka mgodi uliokuwa wake. Hivyo ndivyo mfanyabiashara anavyopigania mali yake, kwa mkataba na wakili, mchana kweupe.

Na wenzangu wanaosifu uchumi wa Chile chini ya Jenerali Pinochet, aliyempindua Allende, nawaomba waangalie shaba. Migodi ile mikubwa haikurudishwa kwa wenyewe. Serikali ya kijeshi iliiweka chini ya shirika la umma, Codelco, mwaka 1976, na jeshi likawa linachukua asilimia 10 ya mauzo yake ya nje. Watu zaidi ya 3,000 waliuawa au kupotezwa. Sitakubali vifo hivyo viandikwe katika daftari la soko huria kana kwamba ni gharama ya usafiri.

Nirudi kwa Frei. Miaka kadhaa iliyopita jumuiya ya wafanyabiashara wa soko letu ilikuwa na uchaguzi. Nilikuwa nyuma ya kijana mmoja hodari, muuza viatu, aliyetaka ushuru upunguzwe na vizimba vigawanywe kwa haki. Alikuwa anashinda. Bila yeye kujua, tajiri mmoja wa jumla kutoka mji mwingine, aliyetaka mizigo yake ipate upendeleo, akatuma mtu agawe pesa usiku ili kijana apigiwe kura. Kijana akashinda kwa kura nyingi. Baada ya mwezi habari zikatoka.

Alituapia kwamba hakujua. Mimi nilimwamini, na mpaka leo namwamini. Wengine hawakumwamini. Kila alilopendekeza, hata la kuzibua mtaro, liliulizwa limelipiwa na nani. Mwaka haukuisha akajiuzulu, akahamishia viatu vyake Geita. Ushuru haujapungua. Na tungemchagua hata bila kupewa senti.

Muuza vitenge,
Mwanza