Barua kwa Athumani kuhusu mlembe

Ndugu yangu Athumani,

Salamu nyingi kwako na kwa Shemeji. Sisi hatujambo, ila mvua imetukatia barabara, na ndiyo sababu jibu limechelewa.

Umeandika kwamba tabia ya kiumbe imo katika damu, ukamtaja yule kijana wa Mzee Rashidi kuwa ushahidi. Kijana mwenyewe simtetei, maana hata mimi ana deni langu, lakini hoja yako siikubali nzima, na anayenizuia ni mlembe, ndege anayewaongoza watu hadi kwenye asali ili baadaye ajipatie nta.

Mama yake hutaga katika kiota cha ndege mwingine na kwenda zake. Kinda huanguliwa kipofu, akiwa na ndoana kali mdomoni, na kwa ndoana hiyo huwauma makinda wa mwenye kiota mpaka wafe, ilhali hakuna aliyemfundisha. Hapo umeshinda. Tena, kwa kuwa hakulelewa na wazazi wake, hawezi kuwa amejifunza kwao kuongoza watu. Uroho wake wa nta ni wa kurithi, na uroho huo si wa leo, kwani padre mmoja Mreno aliyekuwa Sofala mwaka 1588 aliandika kwamba ndege hawa waliingia kanisani kudonoa mishumaa.

Lakini Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita kwa mtetemo wa ulimi unaomalizikia kwenye mguno, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mwito huo hupandisha uwezekano wa kuongozwa kutoka asilimia 33 hadi 66. Wahadzabe wetu wa Ziwa Eyasi hupiga mluzi. Mwaka 2023 ikabainika kwamba mlembe wa Uhadzabe huitikia mluzi zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Kiyao, na wa Niassa naye huupendelea ule wa Kiyao. Damu imempa hamu ya kuongoza. Mwito wa kuufuata anajifunza palepale alipo, kama ambavyo Wayao husema mwito huo waliupata kwa baba zao.

Sasa nisaidie. Mjomba wako wa Sikonge bado anarina asali? Humfuata mlembe, au siku hizi anategemea mizinga yake tu? Humwita kwa sauti gani, na nani alimfundisha? Na yule kijana, kabla hujailaumu damu, alilelewa dukani kwa nani?

Wako,
Hamisi