Adhana ya magharibi si mtu wa pili chumbani

Mji wa Kale, Mombasa
26 Novemba 2025

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

KUH: KUBATILISHWA KWA MTIHANI WANGU WA TAREHE 12 NOVEMBA

Ninasomea shahada ya uzamili ya saikolojia ya uhalifu na haki kwa njia ya mtandao, katika chuo cha Uingereza ambacho mitihani yake husimamiwa na programu yenu. Mtihani wangu ulianza saa 11 jioni, saa za huku. Ripoti yenu inadai kwamba kuanzia saa 12:16 hadi 12:22 ilisikika sauti ya mtu wa pili chumbani, basi mtihani mzima mkaufuta.

Ile ni adhana ya magharibi. Mwezi wa Novemba, jua la Mombasa huzama dakika hizo hizo. Huku Mji wa Kale nyumba zimebanana na misikiti imekaribiana. Mwadhini huyu hajamaliza, yule ameshaanza, na vipaza sauti vyote vinaingilia dirishani. Mtoto wa chuo cha Kurani angewaambia ni nini kwa kusikia neno la kwanza tu.

Lakini kilichoniumiza hasa ni barua yenu ya pili. Nikikiri, nitarudia mtihani kwa kulipa ada nyingine. Nikikataa na rufaa ikaanguka, chuo kitaarifiwa kuwa mimi ni mdanganyifu. Nimekaa nayo siku tatu, na usiku mmoja nilishika kalamu nitie sahihi, yaishe. Ndivyo asiye na kosa anavyokiri. Gisli Gudjonsson, aliyekuwa mpelelezi wa polisi Iceland kabla ya kuwa mwanasaikolojia, ametumia miaka mingi kuchunguza jambo hili, na mtihani mlioufuta ulikuwa na swali juu yake. Wale wanne wa Guildford, Uingereza, walikiri mbele ya polisi kulipua baa ambazo hawakuzilipua, wakafungwa 1975, na hawakuachiliwa hadi 1989.

Mimi ni afisa wa probesheni. Hakimu akitaka ripoti ya mtu kabla ya kumhukumu, siandiki hata mstari mmoja kabla sijafika kwao, nikakaa na mamake, majirani na mzee wa mtaa. Huyo ni mtu ambaye tayari ametiwa hatiani. Kifungu cha 50 cha Katiba yetu ya 2010 kinataka mshtakiwa ahesabiwe hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo, na aonyeshwe ushahidi mapema. Nyinyi si mahakama, najua, ila mmeshika miaka miwili ya masomo yangu na jina langu kazini.

Sitakiri. Naomba mnitumie rekodi ya dakika hizo sita, mumpe mtu anayeijua adhana aisikilize, na mtihani wangu usahihishwe kama ulivyo. Watahiniwa wengine wanaoishi karibu na misikiti nao wapewe nafasi ya kutaja nyakati za swala kabla ya mtihani, wasije wakapatwa na haya.

Nategemea jibu kufikia tarehe 10 Desemba, likiwa na jina la aliyeisikiliza rekodi.

Wako mwaminifu,
Mwanafunzi wa uzamili, Mombasa