Harambee ya Maabara: Friza, Mirija ya Kioo na Seramu

Ndugu wazazi, wahitimu na marafiki wa chuo,

Tunaomba mchango wenu kukamilisha maabara ya kuchunguza utando wa seli za saratani. Utando huo una unene wa nanomita 5 hivi tu, lakini dawa nyingi za kemotherapi sharti ziuvuke. Doksorubisini, mojawapo ya dawa hizo, hujipenyeza yenyewe katikati ya molekuli za mafuta zinazounda utando. Kolesteroli ikizidi, mafuta hayo hubanana na dawa huingia kwa taabu. Hata ikishaingia, ipo pampu iitwayo P-glaikoprotini, iliyoelezwa na Juliano na Ling mwaka 1976, inayoitoa nje. Na pampu hiyo hutegemea kolesteroli iliyoizunguka. Mafuta ya omega-3 hulegeza utando, tena huharibiwa upesi na oksijeni kali inayozalishwa na dawa yenyewe.

Kuona dawa iliyoingia si kazi: doksorubisini ikimulikwa kwa mwanga wa nanomita 480, seli hung'aa rangi ya chungwa. Kazi iko kwenye kupima mafuta. Seli huchanganywa na klorofomu na methanoli kwa uwiano wa 2:1, maji ya chumvi huongezwa, tabaka mbili hujitenga, na ile ya chini, yenye mafuta, hufyonzwa, hukaushwa kwa naitrojeni na kugandishwa. Klorofomu ikikaa kwenye plastiki huchota kemikali zake, kipimo kikasoma vitu ambavyo seli haikuwa navyo. Sampuli ikihifadhiwa kwenye nyuzi -20, omega-3 huendelea kuharibika taratibu, na mtu akadhani seli hazikuwa nayo.

Kwa hiyo tunahitaji friza ya nyuzi -80, mtungi wa naitrojeni safi pamoja na regyuleta yake (kidhibiti cha shinikizo la gesi), na mirija ya kioo yenye vifuniko vya Teflon. Tafadhali msituletee ya plastiki, hata ikiwa mipya. Seramu (majimaji ya damu) ya kulishia seli itoke toleo moja, chupa zote ziwe na namba ileile, kwani kila toleo lina mafuta yake na seli huyachukua na kuyaweka utandoni. Vipimo vya maikoplazma navyo vinakaribishwa. Kijidudu hicho huiba kolesteroli ya seli kimyakimya.

Huu ni utafiti, si tiba. Mgonjwa asibadilishe dawa wala mlo kwa sababu ya tangazo hili bila kumwona daktari wake.

Fedha zipokewe na mweka hazina kwa stakabadhi. Anayeleta seramu iliyogandishwa atujulishe mapema, isije ikayeyuka mapokezini.